Hodi Korongoni

Harufu ya vumbi kavu mlangoni mwa nyumba yetu ya Kibiti, isiyo na mtu sasa, imenirudisha korongoni. Ilikuwa likizo ya shule, na baba alitupeleka kutembea huko, kwenye bonde jembamba la mawe upande wa juu wa mto, sote na viatu vyetu vya mitumba. Kuta za mawe zilikuwa nyekundu, mchanga unaunguza.

Kwenye mlango wa korongo mama akasimama, akaita, "Hodi!"

"Hodi," mawe yakarudisha.

"Mie siingii nisipokaribishwa, baba watoto," akasema, akaketi. Tukajua safari imeishia hapo.

Baba akapotelea nyuma ya jabali. Punde ikaja sauti nzito: "Karibuni! Piteni ndani!"

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, akaingia.

Leo, kabla sijafungua mlango wa nyumba, nilipiga hodi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikasubiri ile sauti nzito ya baba inikaribishe.