Mstari wa Kwanza wa Mama Goreth

Saa moja na nusu asubuhi, Benedicte anapangusa vumbi la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwenye kompyuta ya chama cha ujirani kwa upindo wa kitenge chake. Mlangoni, Mama Goreth, mjane kutoka Burundi, ameshafika. Kila Jumatatu hufika.

"Maman, ulilala hapa?" Benedicte anamtania.

"Mvua ikianza nitalala hapahapa. Paa langu ni chujio."

Mabati yaliyopatikana yanatosha familia arobaini. Zilizoomba ni 318. Kanuni ni moja: aliyetangulia kuomba atangulie kupata. Lakini kwenye orodha ya wiki jana, Goreth alikuwa wa 318. Mkia wenyewe.

Kosa ni la Benedicte, wala halifichi. Mwanamke huyu wa miaka 34, aliyetoka Bukavu na cherehani akaiuza njiani apate nauli, hawezi kumwona mtu akirudi bure. Kila aliyekuja kuulizia, alimwandika upya, mstari mpya kwenye kompyuta, ili aende ametulia. Mistari ikafika 1,140, na orodha ikapanga kila familia kwa mstari wake wa mwisho. Aliyepiga hodi zaidi ndiye aliyesukumwa nyuma zaidi.

"Mi njo nilibatupa nyuma," anasema, "na huruma yangu hii."

Anaiagiza kompyuta imletee tarehe ya zamani kuliko zote. Inaleta familia moja.

"Moja tu?" anacheka Fabien, msimamizi wake. "Bale bengine tubape miavuli?"

"Cheka tu, papa. Iko inakuja."

Anaandika agizo upya: kwanza kusanya mistari kwa namba ya kadi ya chakula, kisha katika kila fungu utoe mstari wenye tarehe ya mapema kabisa. Anabonyeza, anafumba macho.

Mistari 318. Goreth, Machi 2021: wa sita.

"Maman, we ni wa sita!"

Goreth anaketi kizingitini kama aliyetuliwa mzigo wa kuni. "Sita ya mbele ao ya nyuma?"

"Ya mbele!"

Kesho Fabien atashuka Old Town, Lilongwe, kuchukua mabati. Benedicte mwenyewe ni wa 97, na chumba chake kinavuja. Anatumaini shehena ya pili itafika kabla ya Krismasi. Wanaokuja kuulizia amewanunulia daftari la karatasi, la salamu tu, lisiloigusa orodha.

Goreth anainuka, anajikung'uta vumbi.

"Basi niandike, mwanangu. Nisirudi bure."

Benedicte anaisukuma kompyuta kando, anafungua daftari, anaandika jina la kwanza.