Donge la Chokaa Nililolipaka kwa Kidole Changu

Mke wangu nimemuua mimi. Ukuta ndio uliomwangukia, lakini ni mimi!

Nilikuwa natoka msikitini, adhuhuri imesaliwa. Kishindo! Vumbi jeupe likajaa ndia nzima. Nikachimba mawe na boriti kwa mikono mpaka nikauona mkono wake. Umeshika ufagio.

Jina langu silitaji. Ya wenzangu wawili nitayataja.

Nyumba ni ya Mwana Esha mwenyewe, alipewa na mamake alipoolewa nami. Binti yetu Fatuma alipoposwa, ikawa naye lazima apate yake, ndipo tukaanza kumjengea orofa yuu ya yetu. Lakini ukuta wa ndani ulikuwa na ufa. Mwashi mzee akabandika donge la chokaa katikati ya ufa ule.

"Hili ni shahidi wako," akaniambia. "Litazame kila Ijumaa. Likipasuka, ukuta watembea. Usiake, usijenge kitu yuu yake, na watu watoke."

Ijumaa ya pili likapasuka. Mstari mwembamba kama unywele.

Nikawaendea Fundi Shee, aliyekuwa akijenga ile orofa, na Bwana Athumani, baba wa bwana arusi.

"Mzee yule haoni hata kijiko mkononi mwake!" akasema Fundi Shee. "Nyumba gani hapa haina ufa? Hata kisigino changu kina ufa, na chanibeba!"

Tukacheka. Nami nilicheka!

Bwana Athumani hakucheka. "Arusi ni mwezi huu. Kama huwezi, sema, mwanangu ana kwingine."

Fundi Shee akanitilia chokaa mbichi katika kifuu. "Bandua hilo, paka jipya. La kwanza lilikauka vibaya."

Nikapaka. Likapasuka. Nikapaka tena. Mara tatu, jamani, mara tatu!

Na kila Ijumaa Mwana Esha huniuliza, "Baba Fatuma, donge lizima?"

"Lizima."

"Wallahi?"

"Kwani mimi sina mato?"

Sikuapa hata mara moja. Nilijua! Yeye akaridhika, akarudi kufagia chumba cha arusi ya mwanawe, chini ya ukuta ule ule.

Arubaini haijatimia, Bwana Athumani akamwoza mwanawe kwingine. Fundi Shee yuajenga orofa nyingine, mtaa wa pili. Fatuma yuko Wiyoni kwa mamake mdogo. Nikienda, hunitilia maji ya kunywa, akaingia ndani. Haniiti baba tena.

Enyi wenye nyumba za mawe! Donge likipasuka, liacheni lionekane na kila mtu. Toeni wake zenu, toeni watoto. Arusi hungoja!

Mimi langu nimelisema. Donge la tatu nililiokota kwenye kifusi, vipande viwili, alama ya kidole changu ingaliko. Ijumaa baada ya sala nitakaa nalo barazani pangu. Fundi Shee, Bwana Athumani, njooni mbele ya watu mnijibu: chokaa ile nilipewa na nani, na aliyekuwa na haraka ni nani?