Sukari, Mbwa wa Shangazi Bhoke

Harufu ya dagaa wakichemka pamoja na pumba za mahindi hunirudisha hadi leo jikoni kwa Shangazi Bhoke, kule Buswahili. Chakula kile hakikuwa chetu. Kilikuwa cha Sukari, mbwa wake wa aina ya mastifu, mkubwa kama ndama, kichwa kama mtungi, mashavu yakining'inia na kudondosha mate.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi cherehani tuliyekaa naye nyumba moja. Kila mwezi alimpima Sukari shingo kwa utepe wa kushonea, kisha akatutangazia vipimo kama matokeo ya mtihani. Majirani walicheka. "Habwekagi huyo, analaga tu!" Baba naye alichoka. Jumamosi moja alisema, "Dada, kesho huyu arudi Makoko ulikomtoa. Hapa kuna watoto." Shangazi aliinamia cherehani, akaendelea kushona.

Asubuhi yake nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, fahali wa jirani alipokata kamba. Nikasikia Shangazi akipaza sauti kutoka uani, "Kimbia wewe!" Nilikimbia, nikajikwaa, maji yote yakanimwagikia. Nilipoinua uso niliona pembe zinakuja.

Kisha nikaona mgongo wa Sukari. Alisimama kati yangu na fahali, akabweka mara moja tu. Sauti ile niliisikia kifuani. Fahali alisimama, akaparua vumbi, akapuliza pua, halafu akageuka akaenda zake polepole kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Baba alifika mbio, akanipapasa kuanzia kichwa hadi miguu, kisha akachuchumaa mbele ya mbwa. "Sukari," alisema, na hakuwa amewahi kumwita kwa jina, "wewe hapa huondoki."

Mchana ule Shangazi alijifunga kitenge cha Pasaka, akamzungusha Sukari kijiji kizima. Waliocheka walitoka milangoni. "Haya, njooni mmpime wenyewe!" aliwaambia.

Miaka mingi niliamini Sukari alizaliwa shujaa. Sasa nafuga mastifu wawili hapa Bunda, na nimejua kwamba mbwa mwenye nguvu zile, kama asingefundishwa, angemrukia fahali na kutuumiza sote. Kila alfajiri, mwaka mzima, Shangazi alimtembeza katikati ya ng'ombe na kuku, akimfundisha kutulia. Sisi tulidhani hana kazi ya kufanya.