Aliye Pamoja na Mwanamke

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua kule Kimulot, mwanangu, nikiwa nimeshikwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, na huko barabarani lori la majani chai likipiga honi. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, alikuwa ametoka kuchuna gunia zima. Majani mabichi hayangoji mtu. Yakilala guniani hupata joto, yakawa mekundu, na kiwanda hakiyataki tena.

Wifi yangu alichungulia mlangoni. "Mama, twende! Huyu bado kabisa, tutarudi."

"Nenda wewe."

"Na majani yako?"

"Majani hayalii. Huyu analia."

"Si analia tangu asubuhi!"

"Kumbe umesikia, na bado unaniita nitoke?"

Wifi akajitwika gunia lake, akaenda.

Mama yangu mzazi alikufa akijifungua, nami niliamini siku hiyo namfuata. Mama mkwe hakuniambia nisiogope. Aliketi karibu, akanipa mkono wake, nikauminya mpaka jua likazama. Muda mwingi hakuwa na la kufanya ila kuwa pale. Kijana wangu alipozaliwa akiwa mzima, mama mkwe alicheka, akakunjua vidole vya ule mkono niliouminya, kimoja kimoja. Kesho yake tulimwaga majani yale kwenye migomba.

Mama mkwe tumemzika juzi. Muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa kijiji cha Kiptere, alisema pale matangani kwamba Waingereza humwita mkunga midwife, na kwamba neno hilo waliliunga zamani sana: mid ilikuwa "pamoja na," na wife ilikuwa mwanamke yeyote, hata asiyeolewa. Aliye pamoja na mwanamke. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hapo nilielewa. Hawakutaja wembe wala dawa. Walitaja kukaa tu. Yeye hakuwahi kulijua neno hilo, na sidhani alilihitaji.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, mwanangu. Ukimkuta mtu katika uchungu wake, usitafute kwanza la kumwambia. Keti. Honi ikipigwa huko nje, iache ipigwe. Chai huchipua tena.

Mungu akupe mkono usiochoka kushikwa, na siku yako ikifika, usikose wa kuketi nawe.