Mgomba Kwenye Meli ya Anga

Karatasi iliyozeeka ina harufu yake, na mimi huitambua hata pembeni ya fungu la dagaa. Sokoni Kayanga kuna mama anayeuza masweta ya mtumba. Chini ya meza yake ana boksi la vitu vinavyokuja vimejificha ndani ya marobota: mikanda, wanasesere wasio na miguu, miwani yenye kioo kimoja, na mara chache sana kitabu. Siku za soko huomba ruhusa dukani, nachuchumaa mbele ya boksi lile na kuingiza mkono hadi chini. Nikigusa ukingo wa kurasa, moyo unaruka, na hapo hapo naogopa kukivuta. Nikishakivuta kinaweza kuwa kitabu cha kutunza paka.

Ninavyovitafuta ni riwaya za Kiingereza za zamani, za jalada laini, zinazohusu sayari nyingine, meli za anga, mazimwi na miji iliyojengwa chini ya bahari. Majalada yake yalichorwa kwa mkono. Sijui waliochora walikaa wapi wakaliona ziwa la zambarau au majua mawili yakizama pamoja, lakini nikiyatazama nasahau kumeza mate. Huku kwetu vitabu hivi havina sababu ya kuwepo, na ndiyo maana kila kimoja kinanishangaza kwa kuwa tu kimefika. Vingine vilikuja na mitumba. Vingine viliachwa na wageni waliofanya kazi huku enzi za kambi za wakimbizi. Kimoja nilikikuta kwa muuza karanga kule Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, akikichana ukurasa mmoja mmoja ili kufungia. Nilinunua karanga zote zilizobaki asipate sababu ya kuchana tena, nikazila mpaka nikazichukia.

Niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari, natoa kopi na kufunga ripoti za watu waliosoma kuliko mimi. Kiingereza nilijifundisha kwa vitabu hivi na kamusi iliyopoteza herufi za mwisho, kwa hiyo nilijua majina ya vyombo vya angani kabla sijajua kuomba samahani. Nikizungumza na mtu mwenye digrii, nasahihisha sentensi kichwani hadi zamu yangu inapita. Vitabu vyangu nanawa mikono kabla ya kuvishika. Kilichochanika nakibandika kwa gundi ya dukani, na kikikauka kimepinda hata kidogo, siku hiyo chakula hakipiti. Na siwezi kabisa kuanza hadithi katikati.

Hilo la mwisho ndilo lililoniletea safari. Kutoka kwenye boksi la masweta nilipata kitabu cha pili cha hadithi yenye vitabu viwili. Kurasa zote zilikuwepo, jalada halina hata mkunjo. Ndani, nyuma kabisa, kulikuwa na picha ndogo ya jalada la kitabu cha kwanza: miezi mitatu juu ya ziwa jekundu, na meli ya anga yenye umbo la punje ya kahawa. Kitabu cha pili kikakaa kwenye rafu mwaka mzima bila kusomwa. Picha ile ndogo niliipiga kwa simu nikawa namwonyesha kila mtu, hata wateja waliokuja kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa.

Siku moja yule mama wa masweta aliiangalia tena, safari hii akiwa amevaa miwani yake.

"Binti, mbona hii nimeiona? Ilikuwa msibani, Nyakakika."

Alieleza kwamba alikwenda kumzika mkulima mmoja, mzee mwenye asili ya Burundi aliyekuwa mteja wake. Mezani, karibu na picha ya marehemu, waliweka Biblia, na juu ya Biblia kitabu chenye miezi mitatu. Yeye alidhani ni kitabu cha dini asiyoijua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilipanda bodaboda hadi Nyakakika. Nilibeba kitabu changu cha pili ndani ya mfuko wa nailoni, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba. Nilimkuta mjane kibarazani akimenya ndizi na binti yake wa mwisho, na kijana wake mkubwa akinoa panga. Niliwasalimia, mama akaitikia marahaba, nikakaribishwa kahawa ya kutafuna, zile buni kavu wanazopewa wageni. Mazoezi yote yakapotea. Nilichoweza ni kutoa kitabu changu na kuwaonyesha ile picha ndogo.

Mama alinawa mikono. Jambo hilo peke yake lilinifanya nimpende. Aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitenge, akakifungua magotini kwangu. Miezi ile mitatu, ukubwa wake halisi. Rangi nyekundu ya ziwa ilikuwa bado inawaka, na kwenye picha kubwa kulikuwa na kitu ambacho picha ndogo ilikuwa imekificha: watu wadogo sana wamesimama ukingoni mwa maji, wameipa mgongo meli yao.

Kisha nikakifungua. Kurasa za mwanzo hazikuwepo.

Mama aliona uso wangu. Akasema mumewe alikipata hivyo hivyo, miaka ile alipokuwa akipakua magari ya chakula kambini, na kwamba kilikuwa kimeachwa kama takataka. Alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza wenye magari. Tangu watoto wakiwa wadogo, kila Jumapili mchana alikaa hapo hapo kibarazani, wao wakimenya ndizi, akawasomea kipande kimoja kwa Kirundi na Kiswahili. Kikiisha alirudia mwanzo, na kila mara alikuwa amekumbuka mambo aliyoyaruka. Safari ya mwisho alikuwa karibu kumaliza, na safari hiyo hadithi ilikuwa imebadilika sana, ikafika mahali ambapo haikuwahi kufika. Akaugua. Kati ya kurasa kulikuwa na kipande cha ganda kavu la mgomba, mahali alipoishia.

Walinisimulia. Binti alianza, kaka yake akamkatiza, mama akawasahihisha wote wawili. Watu waliondoka kwao na meli kwa haraka, bila kuagana na majirani. Kwenye meli kila mtoto aliyezaliwa alipewa jina la kilima kilichoachwa nyuma, ili vilima visisahaulike. Mkuu wa meli aliagiza mizigo itupwe nje kwa sababu meli ilikuwa nzito, na watu wakatupa vitanda, sufuria, hata milango. Mama mmoja alikataa kutupa chipukizi lake la mgomba. Alilifunga mgongoni kama mtoto. Alilinywesha maji yake ya kunywa safari nzima, watu wakimcheka, mpaka wakafika kwenye ziwa jekundu. Akashuka wa kwanza, akapiga magoti, akaanza kuchimba shimo.

"Hapo ndipo baba aliponyamaza," binti akasema. "Hatujui kama ulishika."

"Mgomba," kaka yake akanifafanulia, kana kwamba ningeweza kudhani ni kitu kingine.

Mama akanipa sharti lake. Pale nyumbani hakuna mwingine anayesoma Kiingereza. Nikasome mwisho, nirudi niwaambie, na kitabu kitakuwa changu. Kijana akaongeza kwamba wao wanataka mwisho tu, karatasi nibebe. Nilisema sawa kwa haraka ya aibu. Ili waniamini, niliwaachia kitabu changu cha pili kama rehani, ingawa hakuna aliyeomba, na kukiacha kwenye kibaraza chenye utomvu wa ndizi kuliniuma.

Nilikisoma dukani kati ya mteja na mteja, kwanza kutoka lilipokuwa ganda la mgomba hadi mwisho. Halafu kutoka ukurasa wa kwanza uliobaki. Halafu tena, na kamusi. Nilikuwa na hakika kosa ni langu. Kitabu kilihusu wanajeshi. Walisafiri kwenda kuliteka ziwa jekundu, wakagombana kuhusu mafuta ya meli, wakapigana na viumbe vya majini, na mwishoni waliobaki wakasubiri msaada usiofika. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Hakukuwa na vilima. Majina yalikuwa yale yale niliyosimuliwa, yote, kwa hiyo mzee alikuwa anasoma kweli.

Yule mama wa mgomba nilimpata mara ya tatu. Jina lake kitabuni lilikuwa la mpishi wa meli, mwanamume. Katika sentensi moja fupi anaamriwa atupe nje kopo lenye mmea, ili meli ipungue uzito. Anatupa. Hadithi inaendelea na vita, na mmea ule hautajwi tena.

Nilikaa na sentensi ile mbele yangu, mashine ya kopi ikipoa. Nimesoma kuhusu watu wanaopita katikati ya nyota na kurudi vijana kuliko watoto wao. Hakuna kilichowahi kunishika kama hicho. Mpakua mizigo alifika kwenye mstari ule, akaona mtu anatupa mmea nje, akakataa. Akaufunga mgongoni mwa mwanamke na kumbebesha safari nzima, Jumapili kwa Jumapili, mbele ya watoto wake, huku macho yake yakiwa kwenye ukurasa uliosema kitu kingine.

Niliporudi Nyakakika nilikuwa nimeamua kusema kweli. Mimi siwezi kutunga. Na kusema kwamba kitabu kimesema kisichosema, kwangu ni kama kupiga kopi ikatoka na maneno mengine. Mama alikuwa ameacha kumenya. Hata panga la kijana lilikuwa limewekwa chini.

"Mama," nikasema, "nimesoma chote. Yule mama mwenye mgomba, kitabuni hayumo."

Walitazamana. Kijana ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha huruma.

"Dada, Kiingereza ulisomea wapi?"

"Nilijifundisha mwenyewe."

"Ah. Basi."

Nilihisi masikio yanachemka. Kitu nilichokiogopa maisha yangu yote kilikuwa kimenikuta kwenye kibaraza cha watu wasiojua Kiingereza. Nilikuwa na ushahidi mkononi. Ningeweza kufungua ukurasa, kuweka kidole kwenye mstari wa mpishi, kutafsiri neno kwa neno. Nilifungua hata mdomo.

"Usione haya, mwanangu," mama akaniwahi. "Ni kitabu kigumu. Mzee mwenyewe alikuwa anasoma, ananyamaza, anaangalia migomba pale, halafu ndipo anatuambia."

Nikaangalia alikoangalia yeye. Migomba ilianzia hatua chache kutoka kibarazani na kuteremka hadi bondeni, mingine imeegemezwa miti kwa uzito wa mikungu. Nikafunga mdomo.

"Labda sijaelewa vizuri," nikasema.

"Basi soma hapa hapa. Polepole, kama yeye."

Nilifungua penye ganda la mgomba. Ukurasa ulisema wanajeshi wawili wanabishana kuhusu mafuta. Nilisoma, nikanyamaza, nikaangalia migomba.

"Alichimba shimo," nikasema. "Udongo ulikuwa mwekundu."

"Kina chake?" kijana akauliza.

Sikujua. Nilitazama kitabu kana kwamba kimeandikwa. "Magotini."

"Sawa. Aliweka samadi?"

"Samadi wangeitoa wapi kwenye meli?" dada yake akamvaa. "Unafikiri ni zizi?"

"Mbuzi walikuwepo. Baba alisema mbuzi wawili walizaa njiani."

"Aliweka ya mbuzi," nikasema, na wote wakatulia, wameridhika. Nilimwacha mwanamke yule akijaza udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Zaidi ya hapo sikuthubutu, kwa sababu mgomba haushiki kwa Jumapili moja na hawa watu wangenijua mara moja. Mama akachukua ganda kavu, akalirudisha penye ukurasa.

Kwa hiyo nikawa nakwenda. Jumapili moja majani ya mwanzo yalikauka, nikaona binti anainamisha kichwa. Nyingine watu wa meli walianza kunung'unika kwamba mwanamke yule anapoteza maji. Kila neno lililonitoka lilikuwa na makosa. Walinisahihisha, nami nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima, na kwa mara ya kwanza sikukaa kurudia kichwani yale niliyoyasema.

Jumapili tuliyofika mwisho mvua ilikuwa inapiga bati na sisi tumesogea karibu na ukuta. Nilisoma kuhusu wanajeshi wanaosubiri msaada, nikanyamaza, nikaangalia shambani. Nikasema kwamba asubuhi mwanamke alikwenda kuangalia, akakuta katikati ya shina jani jipya, limejikunja, jembamba kama sigara, na kijani kibichi.

Mama alishusha kisu. Alisema kitu kwa Kirundi, taratibu, si kwetu. Kisha akatuambia kwa Kiswahili, "Umeshika."

Baadaye alinawa mikono, akakifunga kitabu kwa kile kitenge, na kunipa kwa mikono miwili kama alivyoahidi. Nikapiga magoti kidogo kukipokea. Nilikuwa nimekisubiri mwaka mzima, chenye miezi yake mitatu, na nyumbani nafasi yake kwenye rafu nilikuwa nimeshaifuta vumbi. Nikamwomba sasa cha kwangu, kile cha rehani.

Mama alikuwa amekishika tayari, anakigeuzageuza. Jalada lake lina mji mkubwa kando ya ziwa jekundu, na nilipoutazama upya niliona mchoraji ameweka kitu cha kijani kando ya ukuta, pengine mti, pengine doa la rangi.

"Hiki ndicho kinachofuata?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kikae hapa," akasema, akaweka ganda la mgomba kwenye ukurasa wa kwanza. "Tutaanza Jumapili."

Kijana aliniletea kofia ya bodaboda mlangoni. "Na safari hii, dada," akasema, "ukisome vizuri."