Kompyuta Iliyokataa Kulala

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla jirani hajausimulia kwa namna yake: kompyuta ya mke wangu niliiharibu mimi. Sikuiangusha wala sikuimwagia chai. Niliiwekea mlinzi.

Mlinzi huyo ni programu ndogo. Jamaa mmoja hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, mwenye kibanda cha kuuza kava za simu, aliniapia kwamba ikishaingia ndani, kompyuta itapiga picha ya aliyekaa mbele yake kila ikifunguliwa, kila ikifungwa, na mara kwa mara katikati, kimyakimya, na picha zitajificha mahali. "Utajua kila mutu mwenye kukaaka na bibi yako," akasema. Nilimpelekea mashine wakati mke wangu yuko kwenye mazoezi ya kwaya, kisha nikairudisha nyumbani chini ya koti kama mtu anayeiba kuku wake mwenyewe.

Wivu wangu ulikuwa na anwani. Ulikaa Biwi, Lilongwe, kwa fundi mmoja wa kompyuta kutoka Uvira, Kongo, ambaye zamani aliimba kwaya moja na mke wangu. Ndiye aliyemtafutia mashine hiyo alipoanza masomo yake ya diploma, afya ya jamii, yale yanayofundishwa kwa mtandao. Kila mashine ikipiga chafya, mke wangu anamwandikia. Na kila akijibiwa, anatabasamu. Nimekaa na mwanamke huyo miaka kumi na moja, najua anavyocheka akifurahi, akidanganya, akitaka nimnyamazie. Tabasamu lile sikulijua.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi sebuleni, na sebule inanitosha. Wenzangu hutoka asubuhi kwenda sokoni, kanisani, kwenye vibarua. Mimi hufika hadi mlangoni, nikaona ulimwengu bado uko, nikarudi kukaa. Nilimaliza sekondari kule kwetu Fizi, na tangu siku ile sijamaliza kitu kingine isipokuwa suruali za watu. Mtu wa namna hiyo ana muda mwingi wa kufikiri. Na mawazo ya mtu aliyekaa, nayo hukaa, hayaendi popote.

Shida ilianza siku iliyofuata. Umeme wa nyumbani kwetu hauaminiki, kwa hiyo mke wangu hujaza chaji kule kituo cha masomo, na chaji hiyo huitunza kama maji ya ndoo ya mwisho. Mmoja wa mapacha wetu akilia, au nsima, ugali wa huku, ikitaka kugeuzwa, yeye haizimi kompyuta. Anafunga kifuniko tu ili ilale, na akirudi anafungua na kuendelea palepale alipoishia. Sasa akiifunga, haikulala. Ilivuma kidogo, ikanyamaza ghafla, na alipoifungua alikuta skrini ya bluu yenye maneno ya kuomba radhi. Kisha ikawaka upya kama mgeni asiyemjua mwenye nyumba. Kurasa nne za kazi yake ya mwisho wa muhula zikapotea hivyo. Kazi ilitakiwa itumwe Ijumaa, na asiyetuma hupoteza nafasi yake. Wanaoisubiri nafasi hiyo hapa kambini ni wengi kuliko viti.

"Baba Mapasa," akaniita. Ndivyo tunavyoitwa, Baba Mapasa na Mama Mapasa, tangu Mungu atupe mapacha. "Kuja uone. Imekufa tena."

"Labda imechoka," nikasema.

"Ichoke nini? Inabebaka mawe?"

Niseme ukweli. Nusu yangu ilimsikitikia. Nusu nyingine, ile inayokaa karibu na tumbo, ilifurahi kidogo kwamba leo hatacheka na skrini.

Nikajitia fundi. Nilichomoa kile kijiti cha intaneti, nikafunga kifuniko: ikaanguka. Nikatoa kipanya: ikaanguka. Nikaiweka juu ya kigoda ipate hewa chini, nikaipepea kwa kipande cha katoni, nikaifunga taratibu kama mtu anayefunika mtoto: ikaanguka taratibu. Mke wangu alisimama nyuma yangu akiandika kwenye karatasi kila tulichojaribu. Mimi nilikuwa kama mwizi anayesaidia kutafuta mbuzi huku midomo yake inang'aa mafuta. Nilijaribu kila kitu isipokuwa kile nilichokijua.

Alipokwenda kuchota maji, nilimtafuta mlinzi wangu ili nimfukuze. Akaniomba namba ya siri. Namba hiyo aliiweka yule jamaa wa kibanda. Nikavaa viatu, jambo ambalo si la kawaida kwangu, nikaenda mpaka kwenye kibanda chake. Nikakuta mama anauza viatu vya mitumba.

"Mwenye hapa iko wapi?"

"Alipata safari," mama akanijibu bila kuinua kichwa. "Alipanda ndege na batoto bake bote. Saa hii iko kwenye baridi."

Hapa kwetu watu husubiri safari ya ng'ambo miaka kumi, kumi na tano. Huyu alipata yake wiki hiyohiyo, akaondoka na ufunguo wa aibu yangu. Nilimwonea wivu hata yeye.

Niliporudi nilimkuta jirani yangu amekaa kwenye genge lake. Ni mama wa Kirundi anayeuza nyanya na usipa, dagaa wa ziwani, hatua nane kutoka mlangoni kwangu, na husikia hata nisichosema.

"Baba Mapasa, leo umetoka? Kuna mutu amekufa?"

"Nanyoosha miguu tu, mama."

"Hmm. Miguu yenyewe imeshangaa."

Jumanne jioni mke wangu alinionyesha karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Kesho yake angeipeleka mashine Biwi.

"Tutaenda wote," nikasema.

Akanitazama kama nimesema nataka kujifunza kuogelea. "We? Lilongwe? Nani atakukalia kwa kiti chako kisipoe?"

"Mi ni mume wako. Nitakusindikiza."

Basi asubuhi nilikwenda kuomba karatasi yangu, mapacha tukawaacha kwa jirani, tukapanda kabaza, baiskeli za abiria, hadi barabara kuu, kisha basi dogo. Yeye alipakata kompyuta. Mimi nilipakata hofu yangu. Kufika Lumbadzi, njiani, nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa, yeye akageuka, nikamuuliza kama amebeba maji.

Nilikuwa nimemwomba Mungu fundi awe mnene, au awe na kipara, au angalau shati lake liwe limeshonwa vibaya. Mungu hakunisikia. Shati lilimkaa vizuri mabegani, na mimi ni mtu wa kazi hiyo, siwezi kujidanganya. Alimpokea mke wangu kwa mikono miwili.

"Soprano yetu! Na huyu njo Baba Mapasa mwenyewe? Ya grand, kaka mukubwa, karibu sana. Mama anakuzungumziaka kila siku."

"Kila siku?" nikauliza. Katika salamu yote, masikio yangu yalichagua neno hilo.

Fundi hakushika bisibisi wala hakuipiga mashine makofi kama nilivyofanya mimi. Alianza kwa kumuuliza mke wangu maswali, kama daktari. Ilianza lini? Kabla ya hapo kitu gani kiliongezwa? Mke wangu akatoa karatasi yake, akamsomea tulivyojaribu kimoja baada ya kingine. Fundi akainamisha kichwa kwa heshima. "Hapa mulifanya muzuri. Mulitoa vitu vya inje vyote. Basi shida iko ndani." Kisha akasema jambo nisilolitarajia: kompyuta huwa na daftari lake yenyewe. Kila ikianguka huandika saa, na huandika kitu gani kilikuwa kinafanya kazi dakika ile.

Sikujua kwamba mashine ina ulimi.

Akafungua daftari hilo, akapita mstari kwa mstari. "Angalia, mama. Hapa, hapa, na hapa tena. Kila mara unafunga, kamera iko inaamuka. Mashine inataka kulala, kamera inakatala. Vinavutana, yote inaanguka."

"Kamera?" mke wangu akashangaa. "Mi situmiake kamera. Hata kwa masomo naizimaka."

"Mutu mwingine anaitumia."

Nikaangalia nje. Kulikuwa na mtu anapita na magodoro matatu kwenye baiskeli, na nikatamani kuwa godoro la chini.

Fundi hakuhitaji hata namba ya siri. Alizunguka nyuma yake kwa njia zake. Akafungua faili lililojaa picha. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akatazama tena skrini. Kisha akakohoa, akaigeuza kompyuta ielekee kwa mke wangu, akasema anakwenda kututafutia Fanta. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake taratibu.

Kama angecheka, ningemchukia kwa raha. Ile adabu yake ndiyo iliyoniumiza.

Tukabaki wawili na picha sitini na kitu. Niliweka mlinzi ili amnase mwanamume, na kweli alimnasa. Alikuwa mimi. Mimi na utepe wa kupimia shingoni, naangalia mlangoni. Mimi pua tu, mashimo mawili kama soketi ya ukutani. Mimi nasoma barua zake huku midomo imechomoza. Mimi tena, siku nyingine, shati lilelile.

Zilizobaki zote zilikuwa zake. Peke yake. Anauma kalamu. Anakunja uso. Ile siku kurasa zilipopotea, macho yamejaa maji na mkono uko mdomoni asije akaamsha watoto. Na moja anasoma tu, uso umefunguka kabisa, kama mtu aliyesimama dirishani akaona mgeni anayempenda anakuja kwa mbali. Uso huo sijawahi kuupata mimi, hata siku ya harusi. Nilimtafuta mwanamume ndani ya picha hiyo, pembeni, nyuma, kwenye kivuli. Kulikuwa na ukuta wetu na ndoo.

Mke wangu alipitia zote moja moja. Hatimaye akauliza, "Ni we uliiweka?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaipepea na katoni."

"Ndiyo."

"Mi niko naandika kwa karatasi kila kitu tunafanya. Na we unajua."

Machozi yale ya kwenye picha yalikuwa kazi ya mikono yangu. Nilipata mistari yote ya kuomba msamaha, ila ilikuja yote kwa pamoja ikakwama mlangoni.

Fundi aliporudi na chupa tatu, mke wangu alimwambia afute kila kitu. Kisha akamshika mkono. "Ngoja. Ile ya pua uniachie. Batoto bajue sura ya baba yao." Fundi akacheka sasa, na mimi pia nikacheka, kwa sababu nilikuwa na kiu na Fanta ilikuwa yake.

Fundi akamng'oa mlinzi. Akafungua ukurasa, akaandika maneno mawili, akafunga kifuniko. Sote watatu tukainama. Taa ndogo ya pembeni ikaanza kuwaka na kufifia polepole, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Akafungua. Maneno yalikuwa palepale. Akarudia mara tano, na mara zote tano ililala.

Safari ya kurudi mke wangu aliipakata tena kompyuta yake. Kazi yake aliiandika upya Alhamisi na Ijumaa asubuhi, akaituma mchana, ikapokelewa. Alipomaliza alikaa mbele yangu, akaiwekea kompyuta neno la siri, huku nikitazama vidole vyake.

"Siyo kwa sababu niko na kitu," akasema. "Ni kwa sababu niko na kazi."

Akaenda kwaya. Nami nikabaki na cherehani, nikashona mguu wa suruali upande wa nje mara mbili. Mwisho nikashindwa, nikatoka mpaka kwenye genge, nikamweleza jirani yote: kibanda, safari, daftari, picha, Fanta. Nilidhani angalau mtu mmoja atakuwa upande wangu. Nikamwambia sasa kuna neno la siri, na neno la siri maana yake kuna siri, na kwamba yule fundi, hata kama picha hazimwonyeshi, mimi bado tumbo linaniambia kitu.

Aliendelea kupanga nyanya zake, kubwa mbele, ndogo nyuma. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema.

"Baba Mapasa, we hauna wivu ya mwanaume. Uko na wivu ya masomo. Enda ujiandikishe, ao unyamaze."