Gunia Nililompa Baba Wambui

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Si la mzungu, wala si la vita. Ni la huu mdomo wangu, na la kichwa kilichovimba kwa Kiingereza cha darasa la nne.

Nilitoka magharibi kuja kutafuta kazi kwenye shamba la kahawa huku Ruiru, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipopigana na Mau Mau. Aliyenipokea ni Baba Wambui, Mkikuyu, msimamizi wa vitanda vya kuanikia kahawa. Nililala kwake mpaka nikapewa nyumba. Mkewe alinipakulia githeri kama mtoto wake wa kumzaa.

Kisha akaja meneja mpya kutoka Ulaya, hajui hata "jambo". Nikajitokeza mbio: mimi nitakuwa mkalimani! Jamani, kupenda sifa ni ugonjwa.

Asubuhi moja Baba Wambui alichelewa, maana askari walimzuia njiani wakikagua kipande chake cha kitambulisho. Meneja akakasirika. Akaniambia, "Give him the sack," akageuka kuingia ofisini.

Neno hilo la mwisho, "sack", nililijua! Kwa mzungu lina silabi moja tu. Sisi tulioshona magunia ya kahawa ya kupeleka Thika tulilifanya mbili, saki. Basi nikapaza sauti mbele ya wafanyakazi wote: "Baba Wambui! Bwana anasema leo upewe gunia!" Nikakimbia stoo, nikamletea moja jipya, nikamkabidhi.

Mama mmoja akasema polepole, "Ngai! Kumbe ni yeye."

Mnajua gunia lilikuwa nini siku zile. Mtu aliyewachongea Mau Mau kwa serikali alifunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, watu wakapitishwa mbele yake, na yeyote aliyetikisiwa kichwa alipelekwa kizuizini. Wakikuyu waliwaita gakunia, na waliwachukia kuliko askari wenyewe. Mimi niliwaona Thika kwa macho yangu! Lakini asubuhi ile nilikuwa nawaza Kiingereza changu tu.

Kesho yake Baba Wambui akaja kazini kama kawaida. Meneja akawaka, akamsukuma hadi barabarani, akirudia neno lile lile na kumwonyesha njia ya kwenda zake. Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe "sack" ni kufutwa kazi pia!

Baba Wambui alinishika mkono. "Ndugu yangu, hawa watu hapana salimia mimi tangu jana. Ambia wao ile gunia ni ya kahawa tu. Wewe ndio najua maneno ya mzungu."

Maneno machache tu yangetosha! Lakini wote walikuwa wanatutazama, na ningesema, ingejulikana kwamba mkalimani hajui Kiingereza, nami nifuate njia ile ile ya barabarani. Nikamjibu, "Nitawaambia Jumapili, tukitoka kanisani."

Jumapili hakuwepo. Usiku wa kuamkia siku hiyo watu walimwita nje kwa jina, akatoka. Hata mwili haukuonekana.

Mkewe alifukuzwa pale shambani. Sasa anauza viazi Thika, peke yake, mke wa msaliti. Hata wauzaji wenzake hawamsemeshi. Mwaka jana nilipita hapo akaniita. Aliniuliza bila hasira yoyote, "Wewe ulikuwa hapo. Huyo mzungu alisema nini, kweli?"

Nikamwambia, "Alisema apewe gunia."

Woi! Hata hapo nilidanganya! Akanifungia viazi vya bure, nami nikavipokea.

Ninyi mnaojifunza Kiingereza, sikieni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno ukilijua upande mmoja, uliza upande wa pili, hata wakucheke. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje Jumapili.

Miguu ya kurudi kwa Mama Wambui sina. Nimeandika hapa badala ya kwenda, nikijua kwamba hajui kusoma, na hana mtu wa kumsomea.